Siku Nilipompeleka Mumbua Shule Ambayo Haikumwita

Nitasimulia hii mara moja tu, na yeyote kati yenu atakayenikumbusha tukiwa kanisani mbele ya watu tutakosana kabisa. Mimi, mama mzima wa watoto watatu, fundi wa nguo ninayejulikana Kitengela nzima, nilimvalisha binti yangu yunifomu, nikampakia kwenye pikapu pamoja na sanduku, godoro, shangazi wawili na mchungaji, nikampeleka kuanza kidato cha kwanza katika shule ambayo haikuwa imemchukua. Ndiyo. Haikuwa imemchukua. Chekeni mmalize ndio niendelee, lakini mkishamaliza mnisikilize vizuri, kwa sababu miaka yote hii watu wamekuwa wakisema ule ulikuwa ujinga wangu peke yangu, na mimi nakataa. Ujinga ulikuwa wangu nusu. Ile nusu ingine ilikuwa na sauti tamu na ilinipigia simu yenyewe.

Ulikuwa ule mwaka wa mvua za El Nino. Kitengela haikuwa hii mnayoiona, ilikuwa tu barabara ya Namanga na maduka machache kando yake, na nyuma ya maduka ni matope meusi yanayokuvua kiatu ukitembea. Cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka la dawa la Mama Shiro, na Mama Shiro ndiye aliyekuwa na simu, ile ya kuzungusha namba kwa kidole, kwa hivyo sisi wote wa upande ule tulipigiwa hapo na mambo yetu tukayazungumzia hapo, mbele ya watu waliokuja kununua dawa ya minyoo. Mume wangu, Musyoka, alikuwa kazini Magadi, kule kwa joto, anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Maana yake ni kwamba uamuzi wa nyumba ulikuwa wangu, na sasa mtaona nilivyoamua.

Mumbua ni kifungua mimba wangu. Alikuwa mtoto mkimya, wa kusoma na kuosha vyombo, ukimuuliza kitu anajibu, usipomuuliza hakusumbui. Alipomaliza darasa la nane tulimpeleka intavyuu katika shule moja ya kibinafsi ya wasichana, mbele kidogo ya mji wa Kajiado (jina silitaji, wao wenyewe wanajijua), shule ya paa za vigae na maua yaliyokatwa ni kama yamepimwa kwa rula. Wakamfungia darasani asubuhi nzima na karatasi zao, na mimi nikaketi nje na sekretari, mwanamke kijana anaitwa Madam Silvia, tukapiga gumzo mpaka nikasahau nilikuwa na wasiwasi. Nikamwambia kazi yangu, nikamwambia mume wangu yuko wapi, nikamwambia mtoto ana kikohozi kwa sababu ya hii mvua. Tulipokuwa tukiondoka tukaambiwa majibu yatakuja kwa barua. Kwa barua! Wangeishia hapo, leo singekuwa na la kuwasimulia.

Wiki haikuisha. Niko kwenye cherehani nashona pindo la sketi ya mtu, nikasikia Mama Shiro anaita, "Mama Mumbua, simu! Ni ile shule!" Na hilo neno shule akalitamka likafika mpaka kwa bucha. Nikakimbia na tepu ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mama Mumbua, habari za siku? Ni Silvia wa shule. Nilitaka tu kujua kama mlifika nyumbani salama. Na kile kifua cha Mumbua, kimepona?"

Sasa niambieni nyinyi. Mtu ambaye hamtaki mtoto wako anauliza kifua chake cha nini? Mimi nina ndugu wa tumbo moja ambao hawajawahi kuuliza kifua cha watoto wangu. Nikajibu kimepona, tukacheka, tukaagana kama watu wa familia.

Baada ya siku chache akapiga tena, akauliza Mumbua anapenda netiboli ama kwaya. Krismasi ikafika, ikaja kadi, karatasi nzito yenye picha ya lile geti lao, na chini imeandikwa kwa mkono: "Tunautazamia mwaka mpya pamoja nanyi." Mama Shiro akavaa miwani akaisoma mara tatu. "Pamoja nanyi," akasema. "Si wamesema pamoja nanyi?" Nikasema wamesema. Akatoa miwani, akaniangalia, akaniuliza, "Kwani wamemchukua?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Maneno mawili tu yangeniokoa: bado tunangoja. Lakini dukani alikuwamo Mama Kevo, ambaye kijana wake alikuwa anatarajia shule kubwa ya Nairobi na alikuwa ametuambia hivyo asubuhi, mchana na jioni tangu matokeo yatoke, na alikuwa amesimama hapo na sharubati ya kikohozi mkononi akingoja kusikia nitasema nini. Nikasema, "Si unaona wenyewe wanavyopiga simu."

Sikusema ndiyo. Nataka hiyo ieleweke. Lakini pia sikusema hapana, na Jumapili iliyofuata Mchungaji Mutua akasimama mbele akatangaza kwamba Bwana amemfungulia Mumbua mlango, na kanisa lote likapiga makofi, na mimi nikasimama nikapunga mkono. Nikapunga mkono! Mumbua alikuwa kando yangu anaangalia viatu vyake. Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniambia polepole, "Mama, si tungengoja barua?" Nikamwambia asiwe na moyo wa woga.

Januari walimu wawili wa ile shule wakapitia Kitengela wakienda Nairobi, wakasimama kununua soda hapo jirani, na mmoja akamtambua Mumbua, akamshika mikono yote miwili akamwambia, "Ni wewe! Haya, tutaonana, eeh?" Mimi niliposimulia hiyo habari baadaye nilisema wamesema tutaonana Februari (neno Februari niliongeza mimi, lakini niliongeza kwa nia njema). Basi ikawa imekwisha. Mama mmoja wa Isinya alikuwa ameniletea sweta na tuniki ya binti yake anayesoma pale, nimrekebishie kiuno, nikachukua vipimo kwa karatasi ya gazeti, nikanunua kitambaa kile kile cha kijivu, na sweta ya rangi ya damu ya mzee nikaifumisha kwa mwanamke mmoja mwenye mashine, na ile beji nikaidarizi kwa mkono wangu, uzi kwa uzi. Ilitoka nzuri kuliko ya kwao. Mnicheke kwa yote lakini si kwa hiyo.

Halafu ikaja barua. Si ya kule, hapana, ilikuwa ya serikali. Mumbua alikuwa ameitwa shule moja ya wasichana upande wa Machakos, shule ya kawaida tu, isiyo na vigae. Mwalimu mkuu wake wa shule ya msingi, Mwalimu Lemayian, mzee mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti, aliileta mwenyewe mpaka kwenye veranda, suruali imejaa matope hadi magotini. Na mimi nikamwambia ampe mtoto mwingine anayehitaji.

Akauliza, "Mama, uko na barua ya hiyo shule ingine?"

"Iko njiani, mwalimu. Wananipigia simu kila wiki."

"Simu si barua, mama."

"Mwalimu, hata kadi wametuma."

Akaangalia barua, akaangalia mimi, akaikunja akairudisha kwenye bahasha. Musyoka alipopiga kutoka Magadi kuuliza mambo yanaendaje nilimwambia yanaenda vizuri. Kwamba nimerudisha barua sikumwambia. Simu ilikuwa inakwaruza, nikajisemea nitamwambia akija.

Siku ya kufungua shule nilikuwa nimeisikia kwa yule mama wa Isinya, kwa hivyo hata tarehe sikuambiwa na shule, na hilo pia halikunishtua. Mama Shiro akatupa pikapu yake na dereva. Mimi na Mchungaji tukakaa mbele, nyuma wakakaa Mumbua ndani ya yunifomu, na shangazi zake wawili, Ndunge na Syokau, waliotoka Machakos kwa ajili ya siku hiyo wakiwa wamevaa kitenge cha aina moja (niliwashonea). Tulifika tukiwa tumerushiwa matope mpaka kwenye nywele lakini tunaimba. Getini askari mzee akanisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," nikaitikia, "Iko," akamwangalia Mumbua kutoka kichwani hadi kwenye soksi, akaona ni mtoto wa shule, akafungua geti. Hata askari alikubali!

Tukaingizwa ukumbini. Wazazi wamejaa, suti, mikoba, watu wa Nairobi. Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo, akasema atasoma majina, na kila msichana akisikia jina lake asimame apokelewe kwa makofi. Akasoma la kwanza, makofi. La pili, makofi. Mimi nimemshika Mumbua mkono, mkono wake ni baridi kama wa mtu aliyetoka kufua, na mimi nikadhani ni furaha. Akasoma hili na lile, akafika katikati ya karatasi, akasema, "Mumbua…"

Hakumaliza. Ndunge alipiga vigelegele ambavyo sijawahi kusikia tena maishani, Syokau akapokea, Mchungaji akainua mikono juu akasema haleluya, mimi nikamsukuma Mumbua asimame, akasimama, ukumbi mzima ukageuka kutuangalia, na mwalimu mkuu akangoja, akangoja, vigelegele vikapungua, akamalizia, "…Kioko."

Na mbele kabisa, mstari wa kwanza, msichana mwingine mrefu akawa amesimama.

Mumbua wangu akaketi. Bila kuambiwa na mtu, aliketi pole pole kama mtu anayeshuka kwenye maji baridi. Mngedhani mama yake naye angeketi. Mimi nikasimama! Nikainua mkono, nikasema kwa sauti, "Samahani madam, hapo mmekosea jina la baba. Ni Mumbua Musyoka." Yule baba Kioko akageuka akaniangalia. Mwalimu mkuu akapitisha kidole kwenye karatasi mara mbili, akasema kwa upole wa kuudhi kwamba jina hilo halimo, na kwamba wote ambao hawakupata nafasi waliandikiwa barua wiki mbili zilizopita.

"Sisi hatujapata barua yoyote!" nikasema, na nilisema kwa ushindi kabisa, kama wakili.

Na ndipo Mchungaji Mutua, Mungu ambariki, akasimama nyuma yangu akasema, "Barua iko nami!"

Lazima niwaeleze. Barua zetu zilikuwa zinakuja kwenye sanduku la posta la kanisa, kule Athi River, na ufunguo ni wake. Ile wiki alikuwa amekuta bahasha yenye beji ya shule, na kwa sababu yeye ndiye aliyetangaza baraka, akaona aiweke kwenye koti aje aifungue hapo hapo, mbele ya wote, iwe ushuhuda. Alidhani ni karatasi ya kukaribishwa. Akapasua bahasha, akaanza kusoma Kizungu kwa ile sauti yake ya Jumapili, na kila sentensi anawatafsiria wale shangazi.

"Wanasema, wanatushukuru kwa kuichagua shule yao! Amina?"

"Amina!" wakaitikia shangazi.

"Wanasema, walioomba walikuwa wengi, na wote walikuwa watoto wazuri! Amina?"

"Amina!"

"Wanasema, wana… wanasikitika…"

"Amina!" akasema Ndunge, ambaye alikuwa amefunga macho.

Kuna mtu alicheka, mmoja tu, halafu akajaribu kugeuza kicheko kikawa kikohozi, na hapo ukumbi wote ukashindwa kujizuia. Wazazi wenye suti walikuwa wanajifuta macho. Mimi nilikuwa bado nimesimama. Nikasema neno la mwisho ambalo natamani kulirudisha tumboni. Nikasema, "Mwiteni Madam Silvia. Ni rafiki yangu."

Akaitwa. Akaja akitabasamu, akanikumbatia kabla hajajua linaloendelea, akasema, "Mama Mumbua! Kifua kimepona?" Halafu akaona yunifomu. Tabasamu likaanguka, akanishika mkono akanipeleka ofisini, Mumbua akatufuata nyuma.

"Mama," akasema, "pole sana. Lakini mimi hupigia wazazi wote. Ndiyo kazi yangu, ili wazazi wasitusahau wakienda shule zingine."

"Wote?"

"Wote walioomba."

"Na kifua? Na wote unawauliza kifua?"

Kwenye meza kulikuwa na daftari limefunguliwa, la mistari, la kawaida. Hakulifunga upesi vya kutosha. Kila ukurasa majina, na kando ya kila jina maneno machache kwa kalamu nyekundu. Nikalitafuta letu kwa macho nikaliona. Mumbua Musyoka: kikohozi. Mama fundi nguo. Baba Magadi. Juu yake kulikuwa na mtoto mwingine: bibi mgonjwa. Chini yake mwingine: anaogopa mbwa. Lile gumzo letu lote, kile kicheko chote, zile pole na salamu, vyote vilikuwa vimeandikwa pale kama orodha ya vitu vya dukani, kusudi akipiga simu akumbuke kunipenda.

Ni hasira gani ile jamani. Mpaka leo nikisimulia nasikia masikio yanawaka. Kunikatalia mtoto, sawa, ni shule yao, wachukue wanayemtaka. Lakini kumsomea mtu kikohozi cha mtoto wake kutoka kwenye daftari ukimwacha adhani ni wewe umekumbuka, hiyo si adabu ya mtu aliyelelewa na mama. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia na mengine. Mwalimu mkuu akaingia katikati ya maneno yangu, na badala ya kuomba msamaha akaishika sweta ya Mumbua begani akauliza yunifomu ya shule yake imetoka wapi, kwa sababu haivaliwi na mtu ambaye si mwanafunzi, na ingekuwa vizuri aivue kabla hajatoka getini.

Mumbua akaivua mwenyewe. Akafungua sanduku lake pale nyuma ya pikapu, wazazi wakipita na watoto wao, akajifunika kwa leso ya shangazi yake, akavaa rinda lake la kanisani, akaikunja ile yunifomu vizuri akaniwekea mapajani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na haikuwa kwa huzuni, nawaambia, nilikuwa nalia kama mtu aliyenyang'anywa kitu sokoni mchana peupe na watu wakacheka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa Mwalimu Lemayian kabla ya kengele. Ile nafasi ya Machakos alikuwa ameshaipeleka ofisini na ilikuwa imeshapewa msichana mwingine, nami ndiye niliyemwambia aitoe, kwa hivyo singeweza hata kulalamika. Hakuniambia "nilikuambia." Alichukua kofia yake tukaenda naye mpaka ofisi ya elimu Kajiado, mimi, yeye na Mumbua, tukakaa kwenye foleni siku tatu, tunarudi nyumbani jioni tunakuja tena asubuhi. Musyoka alipopata habari alitoka Magadi akatukuta pale pale kwenye foleni, akasimama mbele yangu akaniangalia, halafu akaketi upande wa Mumbua, si upande wangu, na akakaa hapo.

Ni siku hiyo ya tatu, jua linatuwakia kichwani, wanaume wamekwenda kutafuta chai, nikaanza tena kumtukana Madam Silvia, na Mumbua akaniambia, "Mama, mimi nilijua hawatanichukua."

"Ulijua vipi?"

"Karatasi ya hesabu niliacha maswali sita. Na yule mwalimu aliyenihoji alinisikiliza dakika mbili tu, akaniambia niende."

Nikamwangalia huyu mtoto. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema. Halafu akaongeza, maana ni mtoto mwenye huruma, "Na ulikuwa na furaha sana."

Basi hilo ndilo lililonimaliza, wala si ule ukumbi. Miezi miwili nilikuwa nimepima sauti ya mwanamke nisiyemjua, nimepima kadi, nimepima neno pamoja na neno tutaonana, nimewauliza Mama Shiro na Mchungaji na hata mama wa Isinya maana yake ni nini, na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya kile chumba, ambaye nilikuwa nalala naye nyumba moja na kula naye sahani moja, sikumuuliza hata siku moja, "Intavyuu ilikuwaje?"

Alipata nafasi siku hiyo, shule ndogo ya bweni njia ya kwenda Namanga, paa la mabati, maji ya kuchota. Akasoma, akamaliza, na leo anafanya kazi hapo mpakani na kampuni ya kupitisha mizigo, na madereva wa malori wanamwogopa. Mambo hayakuharibika. Lakini msidhani nimewasamehe wale watu. Mwezi ule ule Madam Silvia alipiga tena dukani (nawaapia, alipiga!) kuuliza tunaendeleaje na kama tungependa kujaribu tena kidato cha pili, na Mama Shiro akamjibu kwamba hapo ni kwa dawa ya minyoo, anataka chupa ngapi, akakata.

Mimi niliapa kwenye ile foleni na sijavunja. Mdogo wake Mumbua, Mutinda, alipofika darasa la nane kila mtu alikuwa na simu yake mfukoni, na shule za kibinafsi zimekuwa nyingi kama vibanda, na moja ikaanza kunipigia, kijana wa sauti nzuri, mama hujambo, mama tunakufikiria. Nikamwambia angoje kidogo. Nikafunika simu kwa kiganja, nikamgeukia Mutinda aliyekuwa anakula, nikamuuliza, "Wewe, ile intavyuu uliionaje?"

Akameza. "Mbaya sana, Mama," akasema.

Nikamshukuru yule kijana, nikazima simu, nikamwongezea mtoto chakula.